Mshuko na Mpando: Maelezo ya Upigaji wa Gita kwa Piki, pamoja na Maneno Yafaayo Kulifundishia

Makusudi ya makala haya ni mawili. La kwanza ni kumweleza mtu asiyepata kushika gita namna mkono wa kuume unavyofundishwa kupiga uzi kwa kwenda chini na kurudi juu, zamu kwa zamu, bila kuivunja zamu hiyo. La pili ni kuyapima maneno ya Kiswahili yatumikayo, au yawezayo kutumika, katika somo hilo. Mambo haya mawili hayatengeki. Mwanafunzi wa gita mara nyingi hana kitabu mbele yake ila maneno ya mwalimu, na neno moja lenye maana mbili laweza kuufundisha mkono kosa litakalochukua miezi kung'oka. Basi mwenye kupenda lugha ana haki ya kuuliza: je, Kiswahili kinatosha kwa kazi hii, au hatuna budi kufundisha kwa maneno ya kuazima? Jibu la makala haya ni kwamba kinatosha, na mahali pamoja au pawili kinashinda lugha zinazokopwa.

I. Ala yenyewe na kitu cha kupigia

Gita la kawaida lina nyuzi sita. Kwa herufi wazitumiazo Waingereza, nyuzi hizo, kutoka ule mnene mpaka ule mwembamba, hutengezwa kwa sauti za E, A, D, G, B na E. Uzi mnene kuliko yote ukipigwa wazi hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Ule mwembamba kuliko yote hutetema mara 330 hivi, yaani mara nne zaidi. Mkono wa kushoto hubana nyuzi juu ya shingo ya gita ili kuchagua sauti, na mkono wa kuume huziamsha. Mwenye kutumia shoto huyageuza maelezo haya yote.

Mkono wa kuume waweza kuziamsha nyuzi kwa vidole vitupu au kwa kitu kilichoshikwa. Vidole vitupu ndivyo alivyovitumia Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye nyimbo zake za Kiswahili zilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na ambaye upigaji wake ulichunguzwa na wanazuoni wa muziki tangu miaka ya 1960. Katika mtindo ule dole gumba huzishukia nyuzi nene, na kidole cha shahada huzipandia nyuzi nyembamba. Msomaji aone kuwa zamu ya kushuka na kupanda imo humo tayari, ila imegawanywa baina ya vidole viwili. Somo letu ni namna ya kuzifanya kazi hizo mbili kwa kitu kimoja.

Kitu hicho si kigeni pwani. Wapiga udi hutumia risha, na neno hilo katika Kiarabu maana yake ni unyoya, kwa kuwa zamani unyoya wa ndege mkubwa ndio uliotumika. Kwa gita hutumika kijibamba kidogo chenye pembe tatu, cha plastiki kwa kawaida, ambacho katika makala haya tutakiita piki. Mtu aweza kusema kwamba neno risha lingalifaa kwa vyote viwili, na hoja hiyo ina uzito. Lakini risha ni ndefu, hulala ndani ya kiganja, na ncha yake hutokeza mbali na vidole. Piki ni fupi, na hubanwa baina ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, hata ibaki ncha ndogo tu nje. Mwanafunzi aambiwaye ashike piki kama risha atashika vibaya. Yafaa basi vitu viwili viwe na majina mawili.

II. Juu ipi, na chini ipi?

Hapa ndipo taabu ya kwanza ya lugha inapoanzia. Gita likiwa limepakatwa, uzi mnene ndio ulio karibu na kichwa cha mpigaji, na uzi mwembamba ndio ulio karibu na magoti yake. Lakini katika mazungumzo ya muziki yaliyotoka Ulaya, sauti ya uzi mnene huitwa ya chini, na ya uzi mwembamba huitwa ya juu. Hivyo mwalimu akisema, "Nenda uzi wa juu," mwanafunzi mmoja ataufuata mwili wa gita na kupeleka mkono kwenye uzi mnene, na mwingine ataifuata sauti na kuupeleka kwenye uzi mwembamba. Wote wawili wametii. Tena sauti ya juu katika Kiswahili cha kila siku ni sauti yenye nguvu: mtu husema kwa sauti ya juu ili asikiwe mbali. Ndipo mwanafunzi wa tatu atakapoupiga uzi ule ule kwa nguvu zaidi.

Kiswahili kina dawa yake tangu zamani. Twasema sauti nene na sauti nyembamba, na maneno hayo huamua jambo mara moja, maana uzi mnene ndio utoao sauti nene, na uzi mwembamba ndio utoao sauti nyembamba. Jicho, sikio na neno vyakubaliana. Mwalimu akisema, "Toka uzi mnene uende mwembamba," hapana awezaye kukosea. Ni katika jambo hili kwamba lugha yetu imeshinda, kwa kuwa yule mwenye kutumia juu na chini kwa sauti hana budi kueleza kila mwaka, kwa kila darasa jipya, kwa nini uzi wa chini uko juu.

Hesabu ya nyuzi nayo huleta mashaka. Kwa desturi ya wapiga gita uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko yote, na wa sita ni ule mnene kuliko yote. Mwanafunzi atazamaye gita lililo mapajani mwake huhesabu kutoka juu, akauita mnene wa kwanza. Desturi hii imekwisha enea duniani na haifai kupinduliwa; mwalimu aitaje siku ya kwanza, kisha asichoke kuongeza neno mnene au mwembamba kila atajapo namba.

Baada ya kuyatoa maneno juu na chini katika habari za sauti, twaweza kuyatumia bila hofu kwa jambo moja tu, yaani mwendo wa mkono. Mkono wendao kuelekea sakafu unashuka. Mkono urudio kuelekea kichwa unapanda. Kutokana na vitenzi hivyo napendekeza majina mawili: mshuko, yaani kuupiga uzi mkono ukishuka, na mpando, yaani kuupiga uzi mkono ukipanda. Yote mawili yameundwa kwa kanuni ileile iliyotupa mchezo na mwendo. Katika maandishi ya muziki alama zitumikazo ni zile za upinde wa fidla: kijisanduku kisicho na kitako kwa mshuko, na umbo la V kwa mpando. Alama hii ya pili humdanganya mwanafunzi, maana ncha yake yaelekea chini ilhali mkono unatakiwa upande. Kwa ubao wa darasani herufi S na P zatosha.

III. Pigo na maana zake mbili

Taabu ya pili ni neno pigo. Hapana kitenzi kilichobeba kazi nyingi kuliko kupiga: twapiga ngoma, twapiga gita, twapiga simu, twapiga hatua. Jina litokalo humo, pigo, hutumika kwa tendo la kuugusa uzi, na pia kwa kipimo cha muda, kama katika mapigo ya moyo. Sasa mwalimu asema, "Nataka mapigo manne." Je, mwanafunzi ahesabu nne, au aupige uzi mara nne? Katika zoezi rahisi majibu hayo mawili ni mamoja, na kosa halionekani. Siku mwanafunzi anapotakiwa kuupiga uzi mara mbili katika kila hesabu, ndipo mambo yanapoharibika, kwani alikuwa amezoea kuwa pigo na mguso ni kitu kimoja.

Rai yangu ni kuliacha neno pigo kwa muda peke yake. Pigo ni kile kisikikacho katika mguu wa msikilizaji agongaye sakafu. Matendo ya mkono tayari yana majina, mshuko na mpando, na hayahitaji jina la tatu. Vitenzi vingine vilivyozoeleka, kama kucharaza na kukung'uta, vyasifu ufundi au nguvu ya mpigaji. Ni maneno mazuri ya mtazamaji, lakini hayamwambii mwanafunzi mkono wake uelekee wapi.

IV. Kanuni

Sasa kanuni yaweza kutajwa kwa maneno machache. Katika kila pigo pana mshuko. Katikati ya pigo na pigo pana mpando. Mshuko haufuatwi na mshuko, wala mpando haufuatwi na mpando.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Mkono ulioshuka hauna budi kurudi juu kabla ya kushuka tena. Apigaye kwa mishuko mitupu hurudisha mkono bure. Nusu ya safari yake haileti sauti. Akiupiga uzi katika kurudi pia, mkono ule ule, kwa mwendo ule ule, hutoa sauti mara mbili. Lakini faida iliyo kubwa zaidi si kasi, ni usawa wa muda. Mkono uendao na kurudi bila kusita huwa kama uzani uning'iniao katika saa ya ukutani: wenyewe hupima muda, na sauti huangukia mahali pake. Ndiyo maana, hata penye kimya katika wimbo, mwalimu mwema humtaka mwanafunzi aendelee kuupeleka mkono na kuurudisha hewani pasipo kugusa uzi. Asimamishaye mkono penye kimya humlazimu kukisia wakati wa kuanza tena.

Kasi huja baadaye, na huweza kuwa kubwa. Mwaka 1962 Dick Dale, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa na asili ya Lebanon, alirekodi wimbo uitwao "Misirlou", uliokuja kutoka mashariki ya bahari ya Mediterania. Mwanzo wake ni uzi mmoja unaorudiwa kwa mishuko na mipando ya haraka mno, nao wakumbusha udi kwa dhahiri. Wapo pia mabingwa walioshika kanuni nyingine. Katika mtindo ulioachwa na Django Reinhardt (1910–1953), kila uzi mpya huanzwa kwa mshuko, hata kama mshuko umekwisha tangulia. Kanuni hiyo ina uzuri wake, lakini anayeanza asizichanganye mbili. Achague moja, na hiyo ya zamu kamili ndiyo rahisi zaidi kuieleza na kuisahihisha.

V. Mizani kama mwalimu

Mazoezi ya kwanza hufanywa juu ya uzi mmoja, nao wazi. Kwa desturi hutumika metronomu, chombo kigongacho kwa muda ulio sawa. Ikiwekwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, na mwanafunzi akitoa mshuko na mpando katika kila pigo, atakuwa ameupiga uzi mara 120 kwa dakika. Wengi hawana metronomu, lakini mwenye kujua Kiswahili anacho kipimo kingine, nacho ni mizani ya ushairi.

Shairi la mpango uliozoeleka lina mizani 16 katika kila mshororo, nane katika ukwapi na nane katika utao. Haya ni maneno niliyoyaunda kwa ajili ya zoezi tu: "Mkono ushuke chini, kisha juu urejee." Mwanafunzi ayataje polepole, kila mizani kwa muda sawa, na kila mizani apige uzi mara moja, akianza kwa mshuko: m- ni mshuko, -ko- ni mpando, -no ni mshuko, na kuendelea. Mizani witiri zote zitakuwa mishuko, na mizani shufwa zote zitakuwa mipando. Ni kweli kwamba mwimbaji huzirefusha baadhi ya silabi na kuzifupisha nyingine. Hapa hatuimbi, twahesabu.

Jambo la kupendeza latokea. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kipande cha mizani nane, mkazo wa neno la mwisho utakuwa katika mizani ya saba, na ya saba ni witiri, yaani ni mshuko. Hivyo ulimi na mkono hukaza pamoja. Hali ni hiyo hiyo kwa kila kipande chenye hesabu shufwa, kiwe cha sita au cha nne. Mwanafunzi asiyejua muziki hata kidogo, ila ameyazoea mashairi, atajikuta ameikubali kanuni kabla hajaielewa.

Mazoezi yakikomaa, ndipo ukawafi uingie. Mshororo wake una mizani 15, nao umegawanyika vipande vitatu: sita, nne na tano. Akianza kwa mshuko, mkazo wa kipande cha kwanza huangukia mizani ya 5, na wa pili mizani ya 10 kasoro moja, yaani ya 9. Yote ni mishuko. Lakini mkazo wa kipande cha tatu huangukia mizani ya 14, nao ni mpando. Zaidi ya hayo, kwa kuwa 15 ni witiri, mshororo wa pili utaanza kwa mpando, na kila kilichokuwa mshuko katika wa kwanza kitakuwa mpando katika huu. Baada ya mishororo miwili mkono hurejea ulipoanza. Basi katika ukawafi kila mkazo hupigwa mara moja kwa mshuko na mara moja kwa mpando. Sioni zoezi lifaalo zaidi kuutibu ugonjwa wa kila anayeanza, yaani mpando ulio dhaifu kuliko mshuko.

VI. Kuvuka uzi

Ugumu wa kweli huanza mkono unapotoka uzi mmoja kwenda mwingine. Tuseme mpigaji anatoka uzi wa sita, ulio mnene, kwenda uzi wa tano. Akiwa amepiga sauti tatu katika wa sita, zamu yake ni mshuko, mpando, mshuko. Mshuko wa mwisho umeiacha piki katikati ya nyuzi mbili, na sauti ifuatayo ni mpando katika wa tano. Piki lazima iuruke uzi wa tano, ifike upande wake wa pili, ndipo irudi juu. Nyuzi hizo mbili zimepigwa kutoka nje: mnene kutoka juu yake, na mwembamba kutoka chini yake.

Akiwa amepiga sauti mbili au nne katika wa sita, zamu imeishia kwa mpando, na piki iko juu ya uzi wa sita. Sauti ifuatayo ni mshuko katika wa tano. Piki hairuhusiwi kuugusa tena wa sita. Lazima iuruke, iingie katikati, ndipo ishuke. Hapa mwisho wa uzi wa kwanza na mwanzo wa uzi wa pili vimepigwa kutoka ndani. Wengi huona kuvuka kutoka ndani ni kugumu zaidi, kwa kuwa nafasi ya piki ni finyu.

Msomaji ataona kuwa njia hutegemea hesabu: sauti witiri katika uzi huleta kuvuka kutoka nje, na sauti shufwa huleta kuvuka kutoka ndani, mpigaji anapoanza kwa mshuko na kuelekea nyuzi nyembamba. Akirejea kuelekea nyuzi nene mambo hugeuka. Kwa sababu hiyo mazoezi ni ya namna mbili. La kwanza ni sauti nne katika kila uzi, kidole kimoja cha kushoto kwa kila sauti, jumla sauti 24 kwa nyuzi sita. Hapo kila uzi huanza kwa mshuko. La pili ni sauti tatu katika kila uzi, jumla 18. Hapo nyuzi tatu huanza kwa mshuko na tatu kwa mpando. Alijuaye la kwanza tu amejua nusu ya somo.

VII. Makosa na tiba zake

Kosa la kwanza ni mishuko miwili kufuatana wakati wa kuvuka uzi, bila mpigaji mwenyewe kujua. Tiba yake ni mwendo wa polepole unaoruhusu kutaja kwa mdomo, "shuka, panda," kila uzi upigwapo. La pili ni mwendo mkubwa wa mkono. Piki ikiisha kuupita uzi imemaliza kazi. Kila inachokwenda mbele zaidi itabidi kukirudia. Mwendo utoke katika kifundo cha mkono, wala si katika kiwiko. La tatu ni kubana piki kwa nguvu hata bega likakakamaa. Piki ishikwe kiasi cha kutoanguka tu. La nne ni mikono miwili kutokutana: wa kushoto unabana uzi baada ya wa kuume kuupiga, na sauti hutoka imekatika.

Robo saa kila siku hushinda saa mbili kwa juma. Sauti zote zikitoka safi na kwa usawa, mwendo uongezwe kidogo, mapigo manne au matano kwa dakika, na si zaidi. Sauti zikichafuka, upunguzwe. Maumivu yakitokea, mkono upumzishwe.

VIII. Hitimisho

Maneno yaliyopendekezwa hapa ni machache: sauti nene na sauti nyembamba kwa tabia ya nyuzi, pigo kwa muda peke yake, mshuko na mpando kwa mkono, kutoka nje na kutoka ndani kwa kuvuka uzi. Hakuna hata moja litakalomshangaza mzungumzaji wa Kiswahili, na hilo ndilo jaribio la neno la ufundi: mwanafunzi alisikiapo mara ya kwanza, je, mkono wake wajua pa kwenda? Huenda wapigaji wa Unguja, Mombasa au Lubumbashi wana maneno yao yaliyo bora kuliko haya, nayo yastahili kukusanywa na kupimwa kwa jaribio hilo hilo. Lisilofaa ni kuendelea kumwambia mtoto "uzi wa juu" na kisha kumlaumu kwa kuupiga uzi ulio juu.